Apollo ya Harlem: Jumba ambalo mashabiki ndio walikuwa majaji

Hebu chukulia ni Jumatano usiku katikati ya miaka ya 1930, na wewe uko nyuma ya pazia mtaani Harlem, jijini New York. Viatu umeazima. Mbele yako kuna ukumbi wa viti kama 1,500, umejaa hadi roshani ya juu kabisa. Kando ya jukwaa kuna kipande cha gogo la mti. Unakigusa kwa sababu kila aliyekutangulia amekigusa. Kisha jina lako linaitwa, unatoka, taa zinakuchoma macho, na una muda mfupi sana wa kuwafanya wale watu wakupende. Wakikukataa, kelele zinaanzia juu kwenye roshani na kuteremka kama mvua ya mawe, king'ora kinalia, na jamaa aliyevalia kiajabu anatokea kando kukufukuza jukwaani. Hakuna kukata rufaa.

Hiyo ndiyo Apollo Theater, barabara ya 125. Na kama wewe ni msanii chipukizi unayedhani maoni ya watu TikTok ni makali, kaa hapo nikupe stori.

Wengi wakiitaja Apollo huanza na majina: Ella Fitzgerald, Billie Holiday, James Brown, Michael Jackson na ndugu zake. Mimi nitaanza na viti. Ukifuatilia historia ya jumba hili vizuri, utaona kwamba mtaji wake mkubwa haukuwa jukwaani bali walioketi mbele yake. Watu ambao kwa karibu miaka 20 hawakukaribishwa mlangoni ndio waliokuja kuwa majaji wakali kuliko wote Marekani. Na bado, pamoja na nguvu hizo zote za kumwinua msanii au kumzika, jengo lenyewe halikuwa lao. Weka hayo mawili kichwani tunaposonga.

Jumba lilijengwa kati ya 1913 na 1914, likachorwa na msanifu George Keister. Halikuitwa Apollo. Liliitwa kwa majina ya Hurtig na Seamon, wafanyabiashara wawili wazungu waliolikodisha, na kazi yake ilikuwa burleski. Kwa wasiojua, burleski ni mchanganyiko wa vichekesho vya utani mchafu, nyimbo, na wanawake wanaovua nguo kidogo kidogo huku wanaume wakipiga miluzi. Wateja walikuwa wazungu. Mtu mweusi, hata kama anaishi mita 50 kutoka hapo, hakuwa mteja.

Na hapo ndipo mambo yanachekesha, kwa sababu Harlem ilikuwa inabadilika kwa kasi. Watu weusi walikuwa wakihama kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia ubaguzi, kunyongwa na makundi ya wazungu, na kazi ya shamba isiyolipa. Wakaja New York kutafuta kazi za viwandani na nyumbani kwa watu, na Harlem ikawa mtaa wao. Lakini barabara ya 125, ambayo ndiyo ilikuwa Moi Avenue ya huko, ilibaki ya wazungu kwa muda mrefu. Maduka makubwa yalichukua pesa za watu weusi bila kuwaajiri kwenye kaunta. Majumba ya burudani nayo yakafuata mkondo huo.

Ukitaka kuelewa jinsi hali ilivyokuwa, angalia Cotton Club, klabu maarufu kuliko zote Harlem miaka ya 1920. Duke Ellington na bendi yake walichapa kazi pale tangu 1927. Wanamuziki weusi, wachezaji densi weusi, wahudumu weusi. Wateja? Wazungu waliotoka katikati ya jiji kwa magari yao. Yaani mtaa ulikuwa unaonyeshwa, lakini mtaa haukuruhusiwa kutazama.

Mwaka wa 1928 burleski ya Hurtig na Seamon ikaingia mikononi mwa Billy Minsky, jina kubwa kwenye biashara hiyo. Lakini nyakati zilikuwa zinamponyoka. Uchumi ulianguka 1929, na kufikia 1934 meya mpya wa jiji, Fiorello La Guardia, alikuwa adui mkubwa wa burleski. Sidney Cohen akalinunua jumba, akalipiga msasa, akalibadilisha jina na, muhimu kuliko yote, akabadilisha wateja. Ijumaa, tarehe 26 Januari 1934, mlango ukafunguliwa kwa jina jipya, Apollo. Shoo ya kwanza iliitwa Jazz à la Carte, bendi ilikuwa ya Benny Carter, na waliokaribishwa walikuwa watu wa Harlem.

Usidhani Cohen alikuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara aliyeangalia nje ya dirisha akaona nani anaishi pale. Mimi sina tatizo na hilo. Mabadiliko mengi mjini huletwa na mtu aliyepiga hesabu. Lakini mwaka huohuo, hapohapo barabara ya 125, wakazi wa Harlem walikuwa wanagomea duka kubwa la Blumstein's. Ujumbe wao ulikuwa rahisi: usinunue mahali ambapo huwezi kuajiriwa. Waliandamana mlangoni kwa wiki kadhaa hadi duka likakubali kuajiri wauzaji weusi. Kwa hivyo waliokaa kwenye viti vya Apollo mwaka ule hawakuwa watu wa kushukuru eti wamefunguliwa mlango. Walikuwa watu waliokuwa wamegundua kwamba shilingi yao ina sauti.

Sasa tuje kwa Jumatano.

Wazo la usiku wa wachanga halikuzaliwa Apollo. Ralph Cooper, mtangazaji, mwigizaji na mcheza densi aliyekuwa na mdomo wa sukari, alilianzisha 1933 katika Lafayette Theatre, jumba jingine la Harlem, kisha akahamia nalo Apollo 1934. Kanuni zilikuwa chache. Yeyote anaweza kujaribu. Mshindi anaamuliwa na makofi ya watu. Ukishinda unapata pesa kidogo na nafasi ya kurudi kufanya kazi ya kulipwa kwa wiki nzima. Ukishindwa, umeona mwenyewe pale juu.

Kazi ya kufukuza ilikuwa ya Norman Miller, fundi wa jukwaa ambaye kila mtu alimwita Porto Rico. Alitoka kando amevaa mavazi ya kichekesho na kumkimbiza msanii aliyekataliwa. Miaka ya baadaye kazi hiyo ikamwendea Sandman Sims, bingwa wa densi ya kugonga viatu aliyepata jina lake kwa kucheza juu ya mchanga. Unaona ujanja uliokuwepo? Kufukuzwa kwenyewe kulikuwa sehemu ya shoo. Hata usiku wa wasanii wabovu watu walirudi nyumbani wamejibamba. Mpenzi wa mpira ataelewa: hata timu ikicheza vibaya, kelele za uwanjani zinalipia tikiti.

Shoo ya Jumatano ilirushwa moja kwa moja na redio ya WMCA. Kwa hivyo ukizomewa, ulizomewa mbele ya ukumbi na mbele ya jiji. Na ukishangiliwa, kuna mwenye bendi mahali fulani aliyekuwa anasikiliza.

Na lile gogo? Nje ya Lafayette, kwenye Seventh Avenue, kulikuwa na mti wa elmi ambao wasanii weusi wasio na kazi walikusanyika chini yake. Mawakala na wenye bendi walijua wakitaka mpiga tarumbeta wa haraka waende pale. Ni kama wale mafundi wanaokaa kando ya barabara na vifaa vyao wakingoja lori la mkandarasi. Watu wakaanza kuamini kwamba kuugusa mti ule kunaleta kazi, ukapewa jina Mti wa Matumaini. Mwaka wa 1934 jiji likapanua barabara na kuukata. Cooper akachukua kipande chake, kikawekwa kwenye jukwaa la Apollo, na tangu hapo hakuna mchanga anayeimba bila kukigusa. Ukiangalia vizuri, kile si kipande cha bahati tu. Ni kipande cha kijiwe cha watu waliokuwa wakitafuta kibarua.

Tarehe 21 Novemba 1934, Jumatano, msichana wa miaka 17 alipanda jukwaani. Mama yake alikuwa amefariki 1932. Alikuwa amepelekwa kwenye shule ya kurekebisha tabia, akatoroka, na kufikia usiku ule alikuwa anaishi kwa kubahatisha mitaani, akicheza densi kwa sarafu za wapita njia. Nguo zake zilionyesha hivyo. Alikuwa amejiandikisha kama mcheza densi. Shida ni kwamba waliomtangulia walikuwa Edwards Sisters, dada wawili waliocheza hadi ukumbi ukapagawa. Msichana akaona kucheza baada ya hao ni kujichimbia kaburi. Papo hapo akaamua kuimba. Aliimba nyimbo mbili akifuata mtindo wa Connee Boswell, mwimbaji aliyempenda redioni, na moja ilikuwa The Object of My Affection. Alishinda. Tuzo ilikuwa dola 25.

Msichana huyo ni Ella Fitzgerald. Stori yake huishia hapo kwenye video nyingi za kukupa motisha, muziki wa piano ukilia nyuma. Lakini sehemu inayofuata ndiyo inayonikera. Ushindi ulikuja na ahadi ya wiki moja ya kazi. Hiyo wiki hakupewa, na inasemekana sababu ilikuwa jinsi alivyoonekana: nguo chakavu, nywele bila matunzo. Soma tena. Watu 1,500, wengi wao hohehahe waliopanda roshani ya bei rahisi, walimsikia na kusema huyu ndiye. Ofisi ikamtazama na kusema hafai. Miezi michache baadaye alishinda tena, safari hii Harlem Opera House kwenye barabara hiyohiyo, na mwaka huohuo wa 1935 mpiga ngoma Chick Webb akamchukua kwenye bendi yake. Nani alikuwa na sikio zuri zaidi hapo? Mimi na wewe tunajua.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa roshani ya juu, ambayo wasanii waliipa jina la kiota cha tai wala mizoga. Waliokaa pale ndio waliolipa kidogo kuliko wote na kusamehe kidogo kuliko wote. Watu hujiuliza ukali huo ulitoka wapi. Jibu langu ni kanisa. Wengi walilelewa kwenye makanisa ya kusini ambako mhubiri hahubiri peke yake. Unamjibu. Unamsukuma. Akipoa, unanyamaza, na anajua amepoa. Ukimtoa mtu kama huyo kwenye benchi la kanisa Jumapili na kumweka kwenye kiti cha ukumbi Jumatano, hawezi kuketi kimya kama anasubiri matokeo ya hospitali. Atajibu tu.

Na kuzomea kwao hakukuwa chuki. Hilo ni jambo ambalo sisi wa kizazi cha simu tunalichanganya. Anayekutukana mtandaoni hajui jina lako, hajalipa, na kesho hatakuwepo. Wale wa Apollo walikuwa wamelipa kwa pesa za kufua nguo za watu, walikuwa wanaishi jirani, na wiki ijayo wangekuwa palepale. Ukirudi ukiwa umejifua, walikushangilia. Luther Vandross, mwenye ile sauti iliyosindikiza harusi za wazazi wetu, alizomewa pale akiwa kijana, tena zaidi ya mara moja. Lauryn Hill alizomewa akiwa msichana wa shule. Angalia walikofika.

Mwaka wa 1935 jumba lilipita mikononi mwa Frank Schiffman na Leo Brecher, waliokuwa tayari wanaendesha majumba mengine Harlem. Familia ya Schiffman ingelishikilia kwa karibu miaka 40. Schiffman alikuwa mtu wa hesabu kupita kiasi. Aliweka kadi ndogo za kila msanii: alikuja lini, alilipwa ngapi, alifanyaje, watu waliitikiaje. Kadi hizo zipo hadi leo katika hifadhi ya makumbusho ya taifa ya Smithsonian huko Washington. Wengine humkumbuka kama mtu aliyewapa wasanii weusi kazi ya uhakika wakati milango mingi ilikuwa imefungwa. Wengine humkumbuka kama bahili aliyejua msanii mweusi hana pengine pa kwenda na akamlipa kulingana na hilo. Nadhani kadi zilezile zinaweza kuwa ushahidi wa pande zote mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Bendi iliajiriwa kwa wiki, siku saba, maonyesho kadhaa kila siku, kuanzia mchana hadi usiku, na filamu ikichezwa katikati kumpa kila mtu nafasi ya kupumua. Kwenye shoo moja ulipata bendi kubwa, mwimbaji, kundi la wasichana wa densi, wagonga viatu, mchekeshaji, wakati mwingine hata mwanasarakasi. Kuna mashabiki waliokuja na chakula chao, wakakaa na kuvumilia filamu ili tu bendi irudi tena. Leo msanii akiimba nyimbo tano kwa kufuatisha sidi anaomba maji na taulo.

Wachekeshaji nao wanastahili nafasi yao hapa. Moms Mabley alipanda jukwaa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa amevaa kama bibi kizee asiye na meno, na kwa vazi hilo akasema mambo ambayo mwanamke kijana hangeruhusiwa kuyasema. Pigmeat Markham yeye alijipaka rangi nyeusi usoni, mtu mweusi akijipaka weusi, kwa sababu ndivyo wachekeshaji walivyorithi kutoka kwa maonyesho ya zamani ambayo wazungu waliwaigiza watu weusi kwa dharau. Aliendelea hivyo hadi miaka ya 1940, mbele ya ukumbi uliojaa watu weusi, na walicheka. Sitajifanya nina jibu rahisi hapo. Mtu anaweza kucheka na kuumia kwa wakati mmoja. Baada ya muda rangi ile ikaachwa, vichekesho vikabaki.

Apollo haikuwa peke yake. Kulikuwa na mlolongo wa majumba ambayo msanii mweusi angeweza kuzunguka: Howard mjini Washington, Royal huko Baltimore, Regal kule Chicago. Ulichapa wiki moja hapa, wiki nyingine kule, ukilala kwa watu au kwenye hoteli za weusi kwa sababu nyinginezo hazikukupokea. Lakini kila mmoja kwenye mzunguko huo alijua kipimo ni Harlem. Sarah Vaughan alivuka kutoka Newark 1942, akiwa na miaka 18, akaimba Body and Soul siku ya wachanga na kushinda dola 10 na wiki ya kazi. Safari hii wiki ilitolewa, na aliporudi alimfungulia shoo Ella Fitzgerald mwenyewe. Jimi Hendrix alishinda huko 1964 kabla jina lake halijajulikana. Mwaka wa 1967 walishinda ndugu watano kutoka Gary, Indiana. Aliyeimba mbele alikuwa hajatimiza miaka 9. Michael.

Lakini kama unataka usiku mmoja unaoeleza kila kitu, chukua tarehe 24 Oktoba 1962. Tena Jumatano. Wiki hiyo Marekani na Muungano wa Sovieti walikuwa wanatishiana kwa mabomu ya nyuklia juu ya Cuba, na watu hawakuwa na hakika kama kutakuwa na Jumamosi. James Brown naye alikuwa na vita vyake. Alikuwa ameiambia kampuni yake ya kurekodi, King Records, kwamba anataka kutoa albamu ya shoo ya moja kwa moja. Bosi wake, Syd Nathan, alikataa. Hesabu yake ilikuwa kwamba hakuna atakayenunua nyimbo zilezile alizokwisha kuzisikia kwenye redio, eti kwa sababu zina kelele za watu nyuma.

Brown akalipa mwenyewe. Maelfu ya dola kutoka mfukoni mwake, ili mitambo iwekwe Apollo.

Albamu hiyo ilitoka 1963. Ilipanda hadi namba 2 kwenye chati kuu ya Billboard na kukaa kwenye chati kwa wiki 66, jambo ambalo halikutarajiwa kwa mwimbaji mweusi wa sauti ngumu kama ile. Kuna watangazaji waliocheza upande mzima wa sahani bila kuukatiza. Itafute leo usiku, weka earphone, na usimsikilize Brown. Sikiliza wanawake wanaopiga mayowe. Sikiliza jinsi anavyonyamaza kidogo na ukumbi unajaza ile nafasi, naye anawajibu, nao wanamjibu. Nathan alidhani kelele za mashabiki ni uchafu kwenye rekodi. Kelele ndizo zilizouzwa.

Na sasa nirudi kwenye lile jambo la pili nililokuambia uliweke kichwani. Kelele zile ziliuza sahani, ziliuza tikiti, zilitengeneza majina, na kwa zaidi ya miaka 40 waliozipiga hawakumiliki hata tofali moja la jumba. Mambo yalipoharibika, hawakuwa na kura.

Yaliharibika kwa njia ambayo ni ya kuchekesha na kusikitisha. Ubaguzi ulipoanza kulegea, wasanii weusi wakaanza kuitwa kwenye kumbi kubwa za katikati ya jiji na viwanja vya maelfu ya watu. Ukumbi wa viti 1,500 ungewezaje kumlipa Aretha Franklin pesa anazolipwa mahali penye viti 15,000? Ushindi wa kuingia kwenye milango ya wengine ulifungua kisima, na maji yakatoka nyumbani. Wakati huohuo jiji la New York lenyewe lilikuwa karibu kufilisika, Harlem ilijaa heroini na nyumba zilizochomwa, na watu wakaanza kuogopa kutoka usiku. Baada ya kijana kupigwa risasi na kuuawa ndani ya ukumbi mwishoni mwa 1975, mlango ukafungwa, Januari 1976.

Wewe wa Nairobi unajua jumba la burudani linapofungwa nini hufuata. Majumba yetu mengi ya sinema yaligeuka makanisa na mengine maduka ya nguo, na vijana wa miaka 20 wanapita mbele yake bila kujua kulikuwa na skrini. Apollo ingeweza kwenda njia hiyo. Ilifunguliwa tena 1978 chini ya wamiliki weusi, ikafungwa baada ya muda mfupi. Kisha 1981 akaja Percy Sutton, wakili aliyewahi kumtetea Malcolm X na aliyekuwa mkuu wa eneo la Manhattan. Kampuni aliyoianzisha ilinunua jumba lililofilisika, ikaweka mitambo ya kurekodi televisheni, na 1983 jiji likalitangaza kuwa jengo la kihistoria, yaani halibomolewi kiholela. Usiku wa wachanga ukarudi 1985. Kuanzia 1987 kipindi cha Showtime at the Apollo kikawafikishia watu wa majimbo mengine kile kiota cha tai kikizomea kama zamani.

Hakikutosha. Jumba lilikuwa linameza pesa kuliko lilivyoingiza, na 1991 jimbo la New York likalichukua na kulikabidhi kwa shirika lisilo la faida, ambalo linaliendesha hadi leo. Ukiniuliza kama huo ni ushindi, nitakuambia nusu. Haliwezi kuuzwa kesho kuwa fleti za kifahari, na kwa jinsi kodi zilivyopanda Harlem hilo si jambo dogo. Lakini wakazi wengi ambao bibi zao walikaa kwenye ile roshani ya bei rahisi wamesukumwa nje ya mtaa, na waliopo kwenye viti leo ni pamoja na watalii wengi wenye kamera. Wanaambiwa wazomee. Wanazomea kwa adabu.

Tarehe 28 Desemba 2006, siku tatu baada ya James Brown kufa, mwili wake uliletwa barabara ya 125 kwa gari la kukokotwa na farasi na kuwekwa kwenye jukwaa la Apollo. Watu walipanga foleni kuzunguka mtaa tangu alfajiri kwenye baridi ya Desemba, wazee wakiwa na sahani zao za 1963 kwapani. Spika zilikuwa zinacheza nyimbo zake. Waliokuwa kwenye foleni waliimba kwa kuitikia, zile sehemu za mashabiki.